Kufuga ndani ya Kigoma mjini: maswali ninayoulizwa kila siku na majibu yake

Nafuga Katubuka. Nina mbuzi saba, kuku ambao idadi yao kamili anaijua mke wangu tu, na mbwa mmoja. Ng'ombe wa maziwa nilikuwa naye zamani, majani yakanishinda nikamuuza. Kwa sababu nimekaa kwenye mambo haya muda mrefu, na kwa sababu nimeshaburuzwa kwa mtendaji mara mbili tatu hivi kwa makosa yangu mwenyewe, watu wananipigia simu sana, hasa wanaohamia na wanaojenga. Maswali ni yaleyale. Nimeamua kuyaandika yote sehemu moja ili mtu akiniuliza nimrushie tu hapa.

Kitu kimoja kabla hujasoma: kesi za mifugo nilizoziona mtaani karibu zote hazikuanzia manispaa. Zilianzia uani kwa jirani. Mgambo hatoki ofisini asubuhi akasema leo twende kwa fulani tukahesabu kuku, anakuja kwa sababu kuna mtu kaenda kulalamika. Ukielewa hilo, nusu ya maswali haya umeshajijibu.

Hivi kufuga mjini kunaruhusiwa kweli au tunaibia tu?

Kunaruhusiwa, ila kwa masharti. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa manispaa nguvu ya kutunga sheria ndogo zao, ndo maana ukisikia mtu wa Tabora au Dodoma anakwambia "kwetu tunafanya hivi" usibebe kama ilivyo, ya kwao ni ya kwao na ya Kigoma/Ujiji ni ya Kigoma/Ujiji. Halafu juu ya hizo sheria ndogo kuna za nchi nzima ambazo hazibadiliki ukihama mji: ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ya Afya ya Jamii ya 2009.

Sheria ndogo sio siri. Zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na unaweza kwenda ofisi ya kata ukaomba kuiona. Nenda kaione. Watu wengi wanaambiwa "sheria inakataza" na mtu ambaye hiyo karatasi hajawahi kuishika mkononi, na wengine wanaambiana "hamna sheria hapa fuga tu" na wao pia hawajaishika.

Kibali naanzia wapi?

Anzia chini. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa, halafu afisa mifugo wa kata. Huyo wa mwisho ndo mtu wa maana kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayekuja kuangalia eneo, akuambie banda likae upande gani, na ndiye utakayempigia saa nne usiku mbuzi akivimba tumbo. Andika barua fupi: nani, kiwanja kiko wapi, mnyama gani, wangapi, utawalisha nini, kinyesi kitaenda wapi. Hilo la kinyesi ndo wanaloliangalia, na ndo watu wanalisahau.

Kwa kuku kumi wa kienyeji wanaolala stoo sijawahi kuona mtu akiandika barua. Ila ng'ombe, nguruwe, au banda la kuku mia tatu wa biashara, usianze kujenga kabla hujamwita afisa mifugo. Kuna jamaa alimaliza banda la tofali za kuchoma na bati jipya ndipo akaambiwa limekaa juu ya kisima cha jirani. Mlima wetu huu unaujua, maji yote yanateremka, na ya bandani yanateremka nayo.

Ng'ombe wanaruhusiwa wangapi?

Kanuni za kilimo mijini za mwaka 1992 ziliweka ng'ombe wasiozidi wanne, na wafugwe ndani bila kuachiwa, yaani zirogirezingi. Hiyo wanne imekaa kwenye vichwa vya watu mpaka leo na maafisa wengi bado wanaipigia mahesabu, lakini usiichukue kama haki yako ya kuzaliwa, kiwanja chako cha ishirini kwa ishirini chenye nyumba, choo na mwembe hakibebi ng'ombe wanne hata kama karatasi ingeruhusu kumi. Afisa anaangalia nafasi.

Mi nakwambia anza na mmoja. Ng'ombe wa maziwa anakula mpaka unashangaa. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za mwezi wa kumi, majani unayafuata Businde huko au unalipa vijana wa baiskeli, na bei yao inapanda kila wiki. Kinachotuokoa Kigoma ni mashudu ya mise, yaani kokwa za mchikichi, kwa sababu michikichi tunayo, changanya na pumba ya mahindi na madini kidogo mambo yanaenda. Maganda ya muhogo pia wanakula vizuri ila yaanike kwanza, maganda mabichi ya muhogo mchungu yana sumu inayoua mbuzi ndani ya muda mfupi sana, utamkuta amelala povu mdomoni ukaanza kumtafuta mchawi wakati umemlisha mwenyewe.

Mbuzi wangu wamezoea, asubuhi nawafungulia wanajitafutia, jioni wanarudi wenyewe. Kuna shida gani?

Shida ipo, na hapa naongea kama mtu aliyefanya hivyo miaka.

Mbuzi wa kuzurura mjini ni kosa kwenye sheria ndogo karibu kila mji nchi hii. Lakini acha sheria. Mimi nilikuwa na jike mmoja mweupe mwenye doa jicho la kushoto, tulimwita Bibi. Huyu Bibi alijifunza kufungua mlango wa uzio kwa pua. Siku moja mama jirani, ambaye alikuwa analima tuta zake nne za mchicha nyuma ya nyumba, pesa ya sabuni na chumvi inatoka pale, akaamka akakuta vijiti vitupu. Tuta nne! Na juu ya kamba ya nguo, kanga yake ina tundu la ukubwa wa sahani. Mimi nilivyoitwa nikaenda na maneno ya "mnyama hana akili mama, tusameheane". Akaniangalia akasema, "Mnyama hana akili baba, wewe je?" Sikuwa na jibu, sina mpaka leo. Nililipa mchicha, nikanunua kanga, doti nzima maana kanga haiuzwi moja, na mke wangu akakataa kuongea na mimi siku mbili kwa sababu ya aibu aliyoipata kisimani.

Kwa hiyo: banda, kamba ndefu ya kutosha mnyama ajigeuze na afikie maji na kivuli, au mchungaji. Ukitumia mtoto kuchunga basi iwe baada ya shule. Na usimfunge mbuzi kamba fupi juani kutwa nzima, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamgusa mtu wa hivyo, mnyama ana haki ya chakula, maji, kivuli na kutoumizwa bila sababu. Watu wanacheka ukiwaambia mbuzi ana haki ila sheria ipo.

Barabara ya kwenda Mwanga nayo usiisahau. Bodaboda akimgonga mbuzi wako akaanguka, atakayetafutwa ni mwenye mbuzi.

Wameshakamatwa. Nifanyeje?

Nenda siku hiyohiyo. Kila siku mnyama anayokaa kwenye zizi la halmashauri gharama ya kumtunza inaongezeka, na anaweza kukonda au kuumwa humo. Kubali kosa, uliza ni kifungu kipi na kiasi gani, omba kontroo namba, lipa kwa simu au benki, chukua risiti, chukua mnyama. Pesa ya serikali siku hizi inapita kwenye kontroo namba. Mtu akikuomba mkononi pale njiani mwambie kwa heshima, "Bwana mkubwa nipe kontroo namba nilipe sasa hivi." Sentensi hiyo ina nguvu za ajabu.

Usiende na ukali. Nimeona mtu ameenda kukomboa kondoo mmoja akarudi na kesi ya kumtukana mtumishi.

Kuku je?

Kuku hawana maneno mengi kisheria, maneno yao ni magonjwa na harufu.

Magonjwa: kideri. Kila mtu anajua kwamba kiangazi kikiisha kuku wa mtaa mzima wanapukutika ndani ya wiki moja, halafu kila mtu anashangaa upya. Chanjo ipo, ile ya tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inashinda joto kiasi kwamba hata huna friji mtaa mzima mnaweza kupanga siku mkachanja kwa pamoja. Kichupa kimoja ni cha kuku wengi kuliko ulio nao, ndo maana nasema mchange. Jirani asipochanja wa kwake wanakuwa moto wa kuwakia kwako. Na kuku akishaanza kuumwa usimkimbize kumuuza sokoni, huko ndo unausambaza mpaka Ujiji.

Harufu: kienyeji hawanuki sana, broila wananuka. Maranda yakishalowa hayana tena kazi, toa weka mapya, maranda kwa mafundi seremala unapata bei ndogo au bure ukimkuta fundi ana moyo. Chombo cha maji kikivuja ndo chanzo cha amonia yote hiyo unayolaumu kuku. Usiku banda lifungwe vizuri, kicheche anapita hata mjini.

Na kubeba kuku sita kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli kutoka Mwandiga, naomba tuache. Tenga halina bei.

Jogoo wa jirani anawika saa tisa usiku kwenye dirisha langu, naweza kumshtaki?

Unaweza kulalamika kwa kero ya kelele, mtendaji atakusikiliza. Ila Kigoma hii, kumpeleka mtu ofisini kwa ajili ya jogoo, jina lako litakuwa "yule wa jogoo" mpaka unazikwa. Muombe ahamishe banda upande mwingine au amfunike gizani, jogoo anawika akiona mwanga, na siku hizi taa za nje zinawaka usiku kucha, ndo maana saa zake zimeharibika.

Nataka mbwa wa ulinzi. Masharti ni yapi?

Hapa tukae kidogo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu, na kila mwaka. Kadi itunze kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Afisa mifugo anachanja, na siku ya kichaa cha mbwa duniani, 28 Septemba, mara nyingi kuna matangazo ya chanjo, sikiliza redio na gari la matangazo. Mbwa wako avae mkanda shingoni. Zoezi la kuondoa mbwa wazururaji likitangazwa, anayepita na bunduki hana muda wa kuuliza huyu ana kwao au hana.

Mchana afungwe au awe ndani ya uzio, usiku afunguliwe ndani ya uzio. Ndani ya uzio! Sio afunguliwe akalinde mtaa mzima halafu watu wanaotoka mwalo wa Kibirizi alfajiri na ndoo za dagaa wanakimbizwa.

Sasa la Ujiji na mitaa mingi ya huku kwetu. Majirani wengi ni Waislamu, na kwa walio wengi mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu kaoga, kavaa kanzu, anaenda Ijumaa, mbwa wako mwenye furaha anamrukia na pua mbichi. Wewe unaona mbwa anasalimia, yeye anaona swala imeharibika na kanzu inarudi kwenye beseni. Sio kwamba anamchukia mbwa wala wewe. Wapo Waislamu kibao wanaofuga mbwa wa ulinzi na hawana tatizo, wanamweka nje na sehemu yake inajulikana. Mbwa akae kwako tu, maneno yataisha.

Mafunzo ya ukali kwa kumpiga na pilipili, hapana. Mbwa anayepigwa anang'ata mtoto wa mwenye nyumba kwanza.

Mbwa ameng'ata mtu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kidonda. Osha na maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano nzima, weka simu ipige alamu, kwa sababu dakika kumi na tano ni ndefu kuliko unavyodhani, watu wanaosha dakika mbili wanasema tayari. Usipake mawese, usipake majivu, usifunge kwa nguvu. Kisha hospitali, kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya mkoa ya Maweni, siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu na hata kama mbwa unamjua jina. Sindano zinachomwa kwa siku zilizopangwa, ya kwanza siku ya tukio, kisha siku ya tatu, siku ya saba na kuendelea kama daktari atakavyosema. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona, ugonjwa haukai kwenye kidonda, unapanda na mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mbwa usimuue kama unaweza kumfunga salama. Afungwe aangaliwe siku kumi. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, siku ile ya kung'ata hakuwa anaambukiza. Mkishamuua na kumtupa ziwani hamtajua kitu. Akifa mwenyewe au akiwa wa kutojulikana, afisa mifugo apewe taarifa, kichwa kinapimwa maabara.

Gharama za matibabu ya aliyeng'atwa ni za mwenye mbwa. Lipa kabla hujaombwa.

Paka?

Fuga. Mchanje kichaa naye, watu wanasahau kwamba paka anaupata pia. Basi.

Nguruwe, na mtaa wetu una msikiti. Inawezekana?

Hakuna sheria ya nchi inayosema nguruwe hafugwi Kigoma. Ila kati ya wanyama wote huyu ndo kibali chake kinakataliwa sana na ndo anayeleta ugomvi mkubwa, kwa harufu kwanza na kwa imani pili, nawaambia kwa mpangilio huo kwa sababu nimeona malalamiko mengi ya nguruwe yakiletwa na Wakristo. Kama uko kwenye nyumba zilizobanana Mwanga au Kasingirima, tafuta eneo pembeni ya mji. Usiforsi.

Nguruwe azurure ni mwiko kabisa. Akila kinyesi cha binadamu anabeba viluwiluwi vya minyoo ya tegu, nyama ikiliwa bila kuiva mtu anapata tegu, na mayai yake yanaishia kuzunguka mpaka binadamu mwenyewe anapata uvimbe kwenye ubongo na kifafa. Mabaki ya hotelini yachemshe kabla ya kumlisha. Na homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa wala chanjo ya kuitegemea mtaani kwetu, ikiingia banda zima linaondoka na karantini inapigwa, hakuna kusafirisha nguruwe wala nyama.

Nimeokota mtoto wa tumbili, nimfuge?

Hapana. Tumbili, nyani, kima, kasuku, kobe, hawa ni wanyamapori, wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kumiliki bila kibali ni kosa la jinai na sio la faini ya mtaani, unaweza kulala ndani. Wapeleke kwa maafisa wanyamapori au TAWA, ile mamlaka ya serikali ya wanyamapori. Sokwe usithubutu hata kupiga naye picha ya kumbeba. Sisi tuna Gombe pale kaskazini, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, na mojawapo ya mambo yaliyoonekana kule ni kwamba magonjwa ya watu yanawaingia sokwe, mwaka 1966 polio iliwapiga wakapooza. Mafua yako wewe kwake ni msiba.

Kuna na hili: tumbili mdogo anapendeza mwaka mmoja. Akikomaa ana meno kama visu na hasira za mlevi.

Kiwanja changu kiko karibu na ziwa, banda naweza kuweka wapi?

Sheria ya mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hairuhusiwi. Sitini zenyewe zinapimwa kutoka maji yanapofikia, na wote tumeona ziwa lilivyopanda miaka hii ya karibuni, waliokuwa mbali wakajikuta maji yako mlangoni. Kwa hiyo weka mbali kuliko unavyoona inatosha. Samadi ikiingia ziwani ni maji yaleyale watu wanayochota kuoshea vyombo, na Kigoma kipindupindu tunakijua kwa jina.

Bata wakienda kuogelea wenyewe sijaona mtu kuwakamata, ila wanakamatwa na watu wengine ambao hawana kitambulisho, na hawarudi.

Nimenunua mbuzi wa Idi, yuko nyumbani siku tano mpaka sikukuu. Na kuchinja nyumbani inakubalika?

Siku tano hizo hakuna atakayekuuliza, wiki ile kila ua una mbuzi analia. Mpe maji, mpe kivuli, usimfunge kwenye mti wa jirani.

Kuchinja kwa ajili ya familia na sadaka ni tofauti na kuchinja kwa kuuza. Nyama ya kuuza lazima ipite machinjioni na igongwe muhuri wa mkaguzi. Ya nyumbani, kama unaona ini lina madoa au mapafu yana malengelenge ya maji, mwite mkaguzi aangalie, na hayo malengelenge usimtupie mbwa. Mbwa akiyala anapata tegu, anatoa mayai uani, mtoto anacheza mchangani, na mzunguko unafika kwa binadamu. Chimba shimo fukia. Damu nayo imwagiwe udongo, sio ilale mtaroni mpaka jumatatu.

Nataka kuleta ng'ombe kutoka Kasulu, au mbuzi kwa boti kutoka ng'ambo.

Kasulu: kibali cha kusafirisha mifugo kinatolewa kule unakotoka, baada ya mnyama kukaguliwa, na unakishika mkononi safari nzima. Bila hicho kwenye kizuizi unashushwa.

Ng'ambo, yaani Kongo au Burundi: hiyo ni kuingiza mifugo nchini, inahitaji kibali cha kuingiza na ukaguzi wa mpakani. Najua boti zinashusha mbuzi usiku. Najua pia sotoka ya mbuzi inasafiri na mbuzi wa bei chee, na ikifika kwenye banda lako haikuulizi ulinunua wawili tu.

Heleni za masikioni na ile chanjo ya serikali, zinatuhusu na sisi wa mjini?

Zinatuhusu. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010 na haikusema wa kijijini tu. Kampeni ya kitaifa ilizinduliwa Juni 2025, ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, serikali inachangia sehemu ya gharama, na kuku wa asili wanachanjwa bure. Wa mjini wengi wanakosa kwa sababu matangazo wanadhani ni ya wenye ng'ombe mia. Mwachie afisa mifugo namba yako ya simu.

Heleni ina faida nyingine: mbuzi akiibiwa, na mjini mbuzi wanaibiwa sana mwezi wa kumi na mbili, una kitu cha kuonyesha polisi zaidi ya "ni mweusi ana pembe".

Nimepanga. Mwenye nyumba anaweza kunikatalia?

Anaweza. Kiwanja ni chake. Ongea naye kabla ya kuhamia na iandikwe kwenye mkataba, wanyama gani na wangapi. Mkishahama na kuku kumi na tano kwenye boksi ndo unaanza kumwelezea, umechelewa.

Jirani kaja amekasirika, anasema harufu na nzi. Bado hajaenda ofisini. Nimwambie nini?

Usimwambie kitu kwanza, mfuate mpaka kwake ukanuse. Serious. Simama pale anapopikia, saa moja jioni ambapo upepo wa ziwani unageuka, vuta pumzi. Wewe kwako umeshazoea, pua ya mfugaji imekufa zamani. Mimi nilivyofanya hivyo ndo nikagundua shimo la samadi nililolichimba "mbali na nyumba" lilikuwa mbali na nyumba yangu, kwake lilikuwa hatua kumi kutoka dirisha la mtoto.

Halafu fanya kitu anachokiona kwa macho ndani ya wiki hiyo: funika shimo kwa udongo na majani makavu, chepusha maji ya mvua yasipite bandani, toa samadi kila jumamosi. Wakulima wa mchicha wanaichukua wenyewe ukiwaambia iko tayari, wanakuja na toroli. Mpelekee na mayai. Sio hongo bana, ni ujirani, na kama anavumilia nzi wako kuna ubaya gani akala yai lako.

Akienda ofisini hata baada ya hayo, afisa afya atakuja, atakupa notisi ya maandishi yenye siku za kurekebisha. Rekebisha ndani ya siku hizo na umwite aje aone. Ukikaa kimya ndo inageuka kesi.

Mbwa wangu adhana ikianza tu naye anaanza kulia, mzee jirani anasema ni mkosi. Nifanye nini?

Hili limenitokea. Sio mkosi, sauti ndefu ya spika inafanana na mbwa mwenzake anayelia mbali, anajibu. Wa kwangu nilimhamishia upande wa jikoni ambako ukuta unazuia sauti, na dakika chache kabla ya alfajiri natoka nampa mfupa au kichwa cha samaki mgebuka kilichobaki jana. Mdomo ukiwa na kazi haulii. Magharibi bado anajisahau mara mojamoja.